Mabasi ya mashabiki kwenda mechi mji wa pwani: muda, maegesho na pantoni

Katibu_Tawi

Wakuu, salaam. Tawi lina watu 92 waliothibitisha kwenda kwenye mechi ya ugenini, Jumamosi, mpira unaanza saa 10:00 jioni. Umbali ni kilomita 140, lami nzuri mpaka kilomita 6 za mwisho zinazopita ndani ya mji. Uwanja uko kwenye rasi. Kuingia huko kuna njia mbili: daraja, ambalo siku za mechi hujaa, au pantoni ambayo ukishuka unafuata barabara ya ufukweni. Maegesho ya mabasi ya wageni ni kiwanja cha mchanga karibu na maji, na kutoka hapo hadi getini ni kama kilomita moja na kidogo kwa miguu. Tunarudi usiku huohuo.

Naomba mwenye uzoefu anisaidie: tukodi mabasi mawili ya viti 49, au moja kubwa na kosta mbili? Tuondoke saa ngapi? Daraja au pantoni? Na nauli tuigawe vipi ili tawi lisibaki na deni?

Mpanga_Ratiba

Katibu, anza na saa, mengine yatafuata. Kosa la wengi ni kuchukua kilomita 140, kugawa kwa mwendo wa basi, kupata saa mbili na nusu, kisha kuondoka saa 7 mchana. Barabara kuu haimchelewishi mtu. Muda unaliwa na kilomita 6 za mwisho, matembezi, na foleni ya ukaguzi. Hesabu kutoka kwenye filimbi ya kwanza ukirudi nyuma.

Filimbi saa 10:00. Mtu awe amekaa jukwaani saa 9:30. Ukaguzi wa mwili na begi huchukua sekunde 10 hadi 15 kwa mtu. Watu wako 92 kwenye mstari mmoja ni dakika 18 au 20 hata kama mko peke yenu, na hamtakuwa peke yenu, kwa hiyo weka dakika 40. Hapo mnatakiwa kuwa getini saa 8:50. Kutembea kilomita 1.2 kwa kundi lenye wazee na watoto ni dakika 20, basi miguu iwe chini saa 8:30. Kushuka, kugawa tiketi na kuhesabiana ni dakika 10, kwa hiyo basi liwe limeegeshwa saa 8:20. Kilomita 6 za mjini siku ya mechi zihesabu kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, yaani zaidi kidogo ya nusu saa. Hapo mko mlangoni mwa mji saa 7:45 mchana.

Kilomita 134 zilizobaki, kwa wastani wa kilomita 55 kwa saa, ni saa 2 na dakika 26. Ongeza dakika 20 za kuchimba dawa, na nusu saa ya akiba kwa pancha au ajali ya wengine barabarani. Jibu ni magurudumu kuzunguka saa 4:30 asubuhi. Tangazo liandikwe "kukusanyika saa 4:00, basi linaondoka saa 4:30". Ukiandika saa moja tu, watu wataichukulia kuwa ya kukusanyika.

Nimeweka mapumziko mamoja, na nisingeongeza la pili. Kusimamisha watu 49 wenye choo cha matundu mawili kunakula dakika 25 hata ukisema kumi. Chagua kituo chenye vyoo vingi hata kama kiko kilomita 15 mbali zaidi, na mabasi yasisimame pamoja: la kwanza liingie, la pili lifike dakika kumi baadaye.

Kuhusu magari, mawili makubwa. Viti 98 kwa watu 92, madereva wawili wa kufuatilia badala ya watatu, na orodha mbili tu.

MajiKujaa

Hesabu ya hapo juu ni safi, ila imesahau bahari. Kwa mji wa pwani angalia jedwali la maji kujaa na kupwa kabla hujaandika saa yoyote kwenye tangazo.

Maji hujaa mara mbili kwa siku sehemu nyingi za dunia, takriban kila saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana yake. Ukijua maji yalijaa saa ngapi Jumatano, Jumamosi ongeza karibu saa mbili na nusu. Halafu angalia mwezi. Bamvu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana kuliko kawaida, huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu. Maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, huangukia katikati. Mechi ikiangukia kwenye bamvu, na kilele cha maji kikawa karibu na saa 12 au saa 1 jioni, mambo matatu yanaharibika kwa pamoja wakati mnataka kutoka.

Kwanza barabara ya ufukweni. Mitaro ya barabara hizo hutoa maji baharini. Bahari ikiwa juu kuliko mdomo wa mtaro, maji ya mvua hayana pa kwenda, yanarudi barabarani. Mvua ndogo tu kwenye bamvu inatosha kufunga njia ambayo asubuhi ilikuwa kavu kabisa. Dereva asipitishe basi kwenye maji yaliyofika katikati ya gurudumu. Chumvi ikiingia kwenye beringi na breki, gharama hiyo itatafuta mwenyewe, na mwenye basi atasema ni ninyi.

Pili, kile kiwanja cha mchanga. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Katika saa sita za kujaa, ukigawa kimo chote mafungu 12, saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Nusu nzima ya maji inaingia katika saa ya tatu na ya nne. Mtu anayeegesha saa 8:20 maji yakiwa yamepwa anaona ufuko mpana na utulivu, anaondoka na moyo mweupe, na kipindi cha pili cha mpira ndicho kipindi ambacho bahari inakimbia. Tafuta mstari wa mwani na vijiti vikavu mchangani: huo ndio mwisho wa maji ya karibuni. Kama siku ya mechi ni karibu na bamvu kuliko siku mstari ule ulipowekwa, maji yatauvuka. Basi likae juu yake kwa nafasi ya kutosha, si sambamba nao.

Tatu pantoni. Shida yake kubwa ni maji kupwa, si kujaa. Maji yakipungua, mteremko wa kupandia unakuwa mkali, na basi la mita 12 lina mkia mrefu: nyuma ya ekseli hubaki mita 3 na zaidi. Magurudumu ya mbele yakishapanda kwenye bamba la pantoni, mkia unashuka na kusugua sakafu. Kinachovunjika mara nyingi ni bampa ya nyuma, bomba la moshi, au kifuniko cha chini ya injini. Abiria washuke wapande kwa miguu (watu 49 ni karibu tani tatu na nusu, na basi linainuka), na kama basi lina mifuko ya hewa badala ya springi, dereva abonyeze kitufe cha kuinua kabla ya kuingia, si akiwa katikati.

Mimi ningekwenda kwa pantoni saa za mchana maji yakiwa nusu, na kurudi darajani. Pantoni usiku baada ya mechi ni kukaa foleni na mashabiki waliofungwa.

Kosta_29

Sikubaliani na mabasi mawili makubwa. Mpanga_Ratiba ameangalia orodha, hakuangalia kona. Basi la mita 12 linahitaji duara la karibu mita 25 kugeuka, na lenye kiyoyozi juu ya paa linafika kimo cha mita 3.5 au zaidi. Mitaa ya zamani ya miji ya pwani haikujengwa kwa ajili hiyo: mabaraza yanatokeza, nyaya ziko chini, na nguzo iko kwenye kona ileile unayotaka kuikata. Kosta ya mita 7 inapita kote huko na inaegeshwa popote.

Moja la 49 na kosta mbili za viti 25 inakupa viti 99. Likiharibika moja dogo, wamekwama watu 25, na wengi wao utawasambaza kwenye yaliyobaki kwa dharura ya kufika kituo cha karibu. Likiharibika kubwa kati ya mawili, nusu ya tawi iko barabarani.

Nakubali kwamba gharama ya mafuta na madereva itapanda.

Mpanga_Ratiba

Kosta_29, hoja ya kona naikubali endapo njia ya mabasi ya wageni inapita mji wa zamani. Mara nyingi polisi wa usalama barabarani huwa na njia maalumu siku ya mechi, na hiyo huwa pana. Katibu, uliza hilo kwanza: njia ipi imetengwa, na wanafunga barabara saa ngapi. Baada ya kufungwa, hata kosta haipiti. Ila "kuwasambaza watu 25" kwenye magari yaliyojaa siungi mkono hata kwa dharura. Watu wanasimama kwenye njia ya katikati, dereva anafunga breki, na mnaanza kuzungumza lugha nyingine.

Fundi_Breki

Wakati mnabishana viti, hakuna aliyeuliza basi lenyewe likoje. Nenda ukalione siku tatu kabla, mchana, likiwa limepoa. Yanayoishi pwani yanaliwa na chumvi kuanzia chini, na rangi nzuri ya ubavuni haisemi chochote.

Tairi: soma tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT kwenye ukuta wa tairi. 3521 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Tairi lililozidi miaka sita likae nyuma au lisikae kabisa, hata kama meno bado yapo, maana mpira huzeeka kwa joto na jua. Nchi nyingi zinataka kina cha meno kisipungue milimita 1.6, kwa mvua hiyo ni kidogo mno, tairi za mbele zitafute zenye milimita 3 kwenda juu. Tairi za mbele zisiwe zilizobandikwa uso mpya. Na zile pacha za nyuma, ingiza mkono katikati: jiwe lililonasa hapo linakula ukuta wa tairi taratibu bila mtu kuliona.

Upepo wa breki: mwambie dereva awashe injini mpaka geji zitulie, azime, akanyage pedali na kuishikilia dakika moja. Sindano ikishuka zaidi ya baa 0.2 hivi, kuna mahali panavuja. Sikiliza kwa masikio, panapiga mluzi. Mabomba ya chuma ya breki yaliyovimba kutu kwenye viungio ni sababu ya kulikataa basi papohapo, usikubali kuambiwa "tutapaka grisi".

Mlango wa dharura ufunguliwe mbele yako, kwa ndani na kwa nje. Bawaba zake ndizo hushikwa na kutu kwanza kwa sababu hakuna anayeufungua. Nyundo za vioo zihesabiwe. Geji ya kizima moto iwe kwenye kijani. Spea iwepo, na jeki, na spana ya magurudumu inayotoshea nati za basi hilo hasa. Nimetaja hili la mwisho kwa makusudi, kwa kuwa spana ya basi jingine ni ugonjwa wa kawaida.

Jambo dogo ambalo watu hulipuuza: kioo cha mbele. Basi likikaa saa nne karibu na bahari, upepo wa alasiri unapaka kioo utando wa chumvi. Mchana huuoni. Giza likiingia, taa za gari linalokuja zinatawanyika kwenye kioo chote na dereva anaendesha akiwa kipofu sekunde mbili tatu kila linapopita. Ukiwasha waipa kikavu, unaupaka vizuri zaidi. Dumu la lita 5 la maji yasiyo na chumvi, sabuni kidogo na kitambaa, dakika tano kabla ya kuondoka. Taa za mbele pia, na vioo vya pembeni.

Kuegesha: ingia kinyumenyume, pua itazame njia ya kutokea. Kwenye mchanga usikate usukani basi likiwa limesimama, gurudumu linajichimbia bakuli. Likizama, usikanyage mafuta. Shusha abiria, fukua mbele ya magurudumu ya nyuma mpaka mchanga ulingane na chini ya tairi, weka mbao mbili ngumu zenye urefu wa kama mita moja na nusu, kisha gia ya chini na pole pole. Kamba ifungwe kwenye ndoano ya kuvutia iliyo mbele, kamwe si kwenye bampa wala ekseli.

Katibu_Tawi

Nashukuru sana wakuu, hasa la maji kujaa, sikuwa nimelifikiria. Vipi kuhusu dereva, atakuwa kazini tangu asubuhi mpaka usiku? Na bado sijapata jibu la nauli.

Mwekahazina

Katibu, la fedha. Usigawe gharama kwa viti, wala kwa watu 92. Waliothibitisha kwa mdomo hupungua. Hesabu kwamba mmoja kati ya kumi hatafika. Gawa gharama yote kwa 83. Wakija wote 92, ziada inarudi kwa wanachama au inabaki mfuko wa dharura wa safari, mliamue kabla, si baada.

"Gharama yote" si kodi ya basi pekee. Muulize mwenye basi, na jibu liandikwe kwenye mkataba: mafuta ni ya nani, tozo ya daraja au pantoni, ada ya maegesho, chakula na posho ya dereva na utingo, na saa ya ziada inaanza kuhesabiwa lini. Hapo kwenye saa ya ziada ndipo matawi huumia. Mkataba unaosema "safari ya siku moja" unaweza kuishia saa 12 jioni kwenye kichwa cha mwenye basi. Andika saa ya kuondoka, saa ya kurudi, na bei ya kila saa itakayozidi.

Vifungu viwili vingine visikose. Kimoja: basi likiharibika, mwenye basi ataleta jingine ndani ya saa ngapi na kwa gharama ya nani. Kingine: mechi ikiahirishwa au kuhamishiwa uwanja mwingine. Ratiba hubadilika hata siku mbili kabla. Kianzio kihamie tarehe mpya bila makato, angalau mara moja. Omba pia kuona bima inayogusa abiria na kibali cha kubeba abiria kwa kukodi, namba ya gari kwenye karatasi ilingane na namba ya gari lililokuja. Basi la kwenye picha na basi la asubuhi si lazima wawe ndugu.

Makusanyo: nusu siku 21 kabla, iliyobaki siku 7 kabla, risiti kwa kila mmoja. Siku ya safari usipokee fedha mlangoni. Itakuchelewesha nusu saa uliyoitunza kwa ajili ya pancha. Asiyefika harudishiwi, ila anaruhusiwa kumpa mtu mwingine kiti mpaka siku moja kabla, jina likibadilishwa kwenye orodha. Tiketi za uwanjani ziwe hesabu nyingine kabisa.

Mpanga_Ratiba

Kuhusu dereva. Mpira wa saa 10:00 unaisha karibu saa 11:55: dakika 90, mapumziko 15, na za nyongeza. Kutoka jukwaani na kutembea ni dakika 35, kuhesabu 10, mnaondoka saa 12:40 jioni. Nyumbani ni karibu saa 4 usiku. Dereva aliyewasha gari saa 3 asubuhi ana saa 13 kazini, ingawa saa za usukani ni kama sita na nusu. Ulaya sheria inamtaka apumzike dakika 45 baada ya saa 4 na nusu za kuendesha, na hata pasipo na sheria hiyo ni kipimo kizuri. La msingi ni hili: wakati wa mechi alale. Asipewe tiketi kama zawadi, asitumwe mjini. Madirisha yafunguliwe, mtu mmoja wa tawi abaki kulinda mali ili yeye asilazimike kukaa macho. Kama mnaweza kulipia dereva mmoja wa ziada kwa mabasi mawili, akae kwenye basi la nyuma na wabadilishane kurudi.

Kila basi liwe na kiongozi wake, na orodha kwa namba ya kiti. Kuhesabu ni kwa safu, kiongozi akitembea kutoka nyuma kuja mbele, si kwa kuita "wote tupo?" Mtu asihame basi njiani hata kwa ajili ya mchumba. Namba ya gari na alama ya mahali lilipo zitumwe kwenye simu ya kila mmoja kabla hawajashuka, kwa sababu mtandao hushindwa watu wakijaa uwanjani.

Bendera zenye vijiti zibaki ndani ya madirisha, hasa darajani. Upepo wa baharini huwa na nguvu alasiri na kijiti kikichomoka kinakwenda kwenye kioo cha gari la nyuma. Ngoma zikae buti la chini, si kwenye njia ya katikati.

Katibu_Tawi

Moja la mwisho. Mechi ni ya mtoano. Zikienda dakika 30 za ziada na penalti?

Mpanga_Ratiba

Ongeza dakika 50 kwenye kila saa niliyoandika baada ya filimbi ya mwisho, na umwambie mwenye basi sasa, ili saa ya ziada iwe kwenye mkataba. Kisha peleka saa hiyo mpya kwa MajiKujaa: kuondoka saa 1:30 usiku badala ya 12:40 kunaweza kuwa ndiyo tofauti ya kiwanja kikavu na kiwanja chenye maji.

MajiKujaa

Nitumie tarehe na jina la bandari ya karibu inayotajwa kwenye jedwali. Kama kilele cha maji kitaangukia kati ya saa 12 na saa 2 usiku na ni siku za bamvu, achana na kile kiwanja. Dereva awashushe karibu na geti, arudi ng'ambo ya daraja akaegeshe kwenye lami, na aje kuwachukua kwa simu ya kiongozi wa basi baada ya foleni ya kwanza kupungua, kama dakika 40 baada ya mpira kuisha. Watu watanung'unika kusubiri. Waambieni hilo asubuhi, kabla ya kupanda.